Mjomba Nijibu: Kaka kamlilia mtangazaji wa besiboli, tumpe pole au tumcheke?

Toleo lililopita nilidokeza kwamba kuna dada wa Ngamiani kaniletea barua ya msiba usio na maiti, nikasema ntaijibu nikipata nafasi, kumbe nimejichokoza mwenyewe manake simu haikutulia wiki nzima, kila mtu anauliza huyo mtangazaji nani, kafa lini, anatuhusu nini sie wa Tanga. Basi leo ukurasa mzima ni huo. Wale wa mirathi na mipaka ya mashamba mnivumilie, zamu yenu inakuja.

Barua yenyewe hii hapa, nimeipunguza kidogo tu.

"Shikamoo Mjomba. Mie msomaji wako wa siku nyingi, niko Ngamiani barabara ya 12. Nina kaka yangu yuko Marekani, Los Angeles, mwaka wa 18 huu, anaendesha magari ya mizigo. Mwaka huu kaja likizo mwezi wa nane. Sasa tarehe 2 jioni natoka jikoni napeleka chai barazani, namkuta kaka kakaa kwenye kiti cha mama, kavaa yale madude ya masikioni, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mjomba nilijua tayari, kuna mtu katutoka. Nikaweka sinia chini nikamwita mama, na mama nae alivyomuona akapiga ukelele, unawajua mama zetu. Dakika tano hazijaisha jirani wa kushoto kaingia kajitanda khanga anauliza nani, nani jamani, kijana wa genge kafunga genge lake, na mzee mmoja kashaanza kutoa viti nje. Kaka akavua yale madude akawa anashangaa, anasema hakuna msiba, namkumbuka mzee mmoja mtangazaji wa besiboli, leo ndo tarehe aliyofariki, mwaka 2022. Watu wakacheka Mjomba, wengine wakasonya wakaondoka. Mama ndo alikasirika kwelikweli, akamwambia unanitoa roho kwa ajili ya mtu wa redioni? Tangu siku hiyo mtaani wanamwita Mfiwa, na kaka kanuna hatoki nje. Naomba nijue, huyo mtu alikuwa nani hasa, na je tulitakiwa tumpe pole au tulikuwa sawa kumcheka? Halafu mama kanituma nikuulize marehemu alikuwa dini gani, anasema kama ni Muislamu bora amsomee Yasini yaishe."

Marahaba mpwa wangu, na mama mpe pole ya mshtuko, hiyo haina mjadala.

La dini ndo jepesi nianze nalo. Marehemu alikuwa Mkatoliki, tena wa kusali haswa, sio wale wa Krismasi kwa Krismasi. Mambo ya Yasini mama amuulize shehe wa msikiti wenu, mie fani yangu redio.

Jina lake Vin Scully. Kazaliwa Bronx, New York, tarehe 29 Novemba 1927, baba yake akamfia akiwa na miaka 4 tu, na yeye mwenyewe kafariki nyumbani kwake California tarehe 2 Agosti 2022 akiwa na miaka 94. Kazi yake kubwa ilikuwa kutangaza mechi za timu moja inaitwa Dodgers, kaanza 1950 kamaliza 2016, misimu 67. Namba hiyo ukiisoma hivihivi inapita tu, kwa hiyo ngoja nikuwekee kwa hesabu ya kwetu: anaanza kutangaza hapa ni Tanganyika ya Mwingereza, hata TANU haijazaliwa, anamaliza Magufuli yuko Ikulu. Mtu yuleyule, timu ileile, kiti kilekile, yaani sio kilekile manake timu ilihama mji, ila umenielewa.

Hilo jina Dodgers maana yake wakwepaji. Timu ilianzia Brooklyn kule New York, zamani hizo tramu zimejaa barabarani na watu wanaishi kwa kuzikwepa, jina likawaganda. Dada zangu mliocheza rede na mpira wa soksi hapa mnanielewa haraka kuliko wanaume. Mwaka 1958 ndo wakahamia Los Angeles na Scully wakaondoka nae.

Kupata kwake kazi nako kuna kisa chake. Mwaka 1948 mtangazaji mkuu wa Dodgers, Red Barber, aliugua, bosi wa timu Branch Rickey akamtaka mtangazaji wa timu ya Atlanta anaitwa Ernie Harwell, Atlanta wakasema sawa, nyie mnatupa nini, wakapewa mchezaji. Mchezaji mzima, mdakaji, anaitwa Cliff Dapper! Mtangazaji kabadilishwa na mchezaji, soma tena kama hujaelewa. Harwell hakukaa sana akaenda kwa majirani zao Giants, na kile kiti alichokiacha ndo akakalishwa kijana wa miaka 22 mwenye nywele nyekundu, ndo Scully huyo. Harwell nae alikuja kupendwa sana kule Detroit, alipofariki mwaka 2010 jeneza lake liliwekwa kwenye uwanja wa timu, karibu na sanamu yake, maelfu ya watu wakapanga foleni kumuaga. Yule jirani aliyesonya umsomee hapo.

Sasa kwa nini watu wazima wanamlilia mtu wa redioni. Mie hili silioni geni, na nadhani hata mama akikaa akatulia hataliona geni. Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya National, ile yenye kava la ngozi lenye vitundu vitundu, siku ya mechi asubuhi anatoa betri anazianika juu ya bati zipate jua, mchana zigeuzwe, na ole wako uziguse. Saa 10 jioni wanaume wa barabara nzima wako barazani kwetu, bao limesimama, RTD inatangaza. Na pale Mkwakwani palikuwa na mzee mmoja jukwaani, kila mechi yuko, anaangalia Coastal Union kwa macho yake mawili na redio kaibana sikioni anasikiliza mechi hiyohiyo anayoiangalia. Nikawa namcheka moyoni, mbona unaona mwenyewe mzee? Siku moja nikamuuliza akaniambia, "Mwanangu, mie naona mpira unavyokwenda, huyu ananiambia umekwendaje." Nilikuwa mdogo nikaona kachanganyikiwa.

Kumbe Los Angeles nzima ilikuwa na ugonjwa huohuo. Dodgers walipohamia kule uwanja wao ulikuwa haujajengwa, miaka minne ya mwanzo wakachezea Coliseum, uwanja wa Olimpiki wa 1932, lidude kubwa halikutengenezwa kwa besiboli, ukikaa nyuma mchezaji unamuona kama sisimizi. Na redio ndogo za transista ndo zimeingia sokoni. Basi watu wakawa wanakuja na redio zao uwanjani ili Scully awaambie kinachotokea mbele ya macho yao, redio maelfu kwa maelfu, sauti yake inasikika mpaka chini wanakochezea. Mwaka 1960 mechi imepooza, akaona kwenye karatasi zake kwamba mmoja wa marefa, Frank Secory, leo kazaliwa, akawaambia wasikilizaji nikihesabu tatu mseme kwa nguvu heri ya kuzaliwa Frank. Akahesabu. Uwanja mzima ukalipuka kwa sauti moja na refa wa watu kashtuka hajui kimetokea nini. Sasa mtu anayeweza kufanya hivyo kwa mdomo tu, bila kumuona hata mmoja wao usoni, huyo utamuita mgeni?

Lakini ujue sifa yake kubwa haikuwa kusema, ilikuwa kunyamaza. Hapa ndo nataka muelewe vizuri manake hapa ndo penyewe.

Alipokuwa mtoto kwao kulikuwa na redio kubwa ya miguu minne, kama kabati, chini kuna nafasi. Akawa anaingia uvunguni na mto wake, biskuti na glasi ya maziwa, anasikiliza mechi za vyuo. Na hakuwa anafuata mchezo hasa, timu zenyewe hazijui, alikuwa anafuata makelele ya watu. Alisema mwenyewe yale makelele yalikuwa yanammwagikia kama maji ya kuoga. Basi kijana huyu alipokuja kuwa mtangazaji akakumbuka lile uvungu, kila kikitokea kitu kikubwa anasema sentensi moja anafunga mdomo, anakuachia maji yakumwagikie na weye.

Tarehe 8 Aprili 1974 kule Atlanta, Hank Aaron, mtu mweusi, kapiga hom rani yake ya 715. Hom rani ni ule mpira unaogongwa kwa rungu ukatoka nje kabisa ya uzio, ndo bao tamu kuliko yote. Rekodi ya zamani ilikuwa 714, ya Babe Ruth, mzungu waliyemfanya kama mungu mdogo, na Aaron miezi yote hiyo anapokea barua za kumtishia kumuua asiivunje. Mpira umetoka, Scully kasema umekwenda, halafu kimya. Akanyanyuka akarudi nyuma ya kibanda, akawaachia watu uwanja. Aliporudi kwenye kipaza sauti akasema jambo la maana kuliko mchezo wenyewe, kwamba mtu mweusi anasimamiwa na kupigiwa makofi katika majimbo yale ya kusini, kwa kuvunja rekodi ya kipenzi cha besiboli wa enzi zote. Wanaojua majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwaje wanajua kwa nini sentensi hiyo ilibidi isubiri makelele yapungue.

Na mwaka 1988, mwaka wetu huo, Coastal Union bingwa wa Tanzania Bara, nani hapa Tanga mwenye umri wangu kausahau, mie nilirudi nyumbani na kiatu kimoja. Mwaka huohuo mwezi wa 10 Dodgers wako fainali na Oakland, mechi ya kwanza, wako nyuma kwa moja, imebaki nafasi moja tu mchezo uishe. Wakamuingiza Kirk Gibson ambaye miguu yote miwili mibovu, anatembea kama mtu kakanyaga miba, hakupangwa kabisa kucheza siku hiyo. Akagonga. Ukatoka nje. Scully kwenye televisheni akasema mpira umekwenda juu, upande wa kulia, umetoka! Halafu zaidi ya dakika nzima hakusema neno. Dakika nzima ya televisheni mpwa wangu, jaribu kuhesabu moja mpaka 60 uone ilivyo ndefu, huku Gibson anachechemea anazunguka na watu wanapiga kelele hawajitambui. Ndo akaja kusema kwamba katika mwaka uliojaa yasiyotarajiwa, leo limetokea lisilowezekana. Wa kwetu siku hizi, simtaji mtu, goli likiingia anapiga kelele yeye mpaka uwanja humsikii, akimaliza hapo anataja mdhamini.

Sasa turudi kwa kaka yako. Nilimpigia, namba ulinipa mwenyewe usije ukanikana. Kaniambia alivyofika kule Kiingereza chake kilikuwa cha shule, wenzake kazini wakiongea haambulii kitu, ila usiku kwenye gari akifungua redio yule mzee anamuelewa, neno moja moja, hana haraka. Na kila mechi anaanza kwa salamu, anawatakia watu jioni njema sana popote pale walipo. Kaka yako anasema lile "popote pale mlipo" alikuwa analichukua ni lake, manake yeye ndo alikuwa hajui yuko wapi. Halafu mwaka 2014 ukatokea mvutano wa mikataba ya televisheni, nyumba nyingi za Los Angeles zikawa hazioni tena mechi za timu yao, na redioni yule mzee anasikika raundi 3 za mwanzo tu kati ya 9, baada ya hapo wanapokea wengine. Anasema akawa anapanga safari zake za mizigo ziangukie kwenye zile raundi 3, na foleni ya magari ambayo kila mtu anailaani yeye alikuwa anaiombea.

Kwa hiyo jibu langu, ndio, mpeni pole. Mwezi Mei 2025 alipofariki Charles Hilary, yule wa RTD zamani, kisha BBC, kisha Azam, mpaka akawa msemaji mkuu wa Serikali ya Zanzibar, hapa barazani kwangu watu wazima walikaa wakawa wanatafutana maneno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa nae mkono. Hakuna aliyecheka. Tofauti ya wale na kaka yako ni kwamba wao walikuwa wengi wanamjua mtu mmoja, kaka yako alikuwa peke yake barazani. Kule kwao watu walipeleka maua uwanjani, mtaa unaoingia uwanja ule wenyewe wameuita jina lake tangu 2016, wachezaji wakavaa nembo nyeusi ya kipaza sauti kwenye jezi. Yeye hapa kapata jina la Mfiwa. Na huyo kijana wa genge aliyeanzisha hilo jina, namjua, asije kwangu kukopa.

Haya, meseji nyingine.

"Mjomba nipo Muheza. Nasikia huyo mzee alikuwa anatangaza mechi peke yake masaa matatu, mie siamini, Simba na Yanga tu wanatangaza wawili watatu na maneno yanawaishia. Yeye alikuwa anaongea nini?"

Swali zuri. Kweli miaka mingi alikuwa peke yake, hana mchambuzi pembeni wa kumwambia "kama ulivyosema", anaongea na wewe sio na mwenzake, na ndo maana watu walijiona wanaongeleshwa wao. Besiboli nayo ina mapengo. Mrushaji anarusha, mpigaji anakosa, mpira unarudi, mrushaji anapangusa jasho anakung'uta vumbi anaangalia mawingu, ndo arushe tena. Humo kwenye mapengo Scully anaingiza hadithi, lakini kwa vipande, anaweka kipande, anatangaza mpira uliorushwa, anarudi anaweka kipande kingine, na hadithi lazima iishe kabla mpigaji yule hajatoka.

Mfano ile ya nyoka. Anarusha Madison Bumgarner wa San Francisco, na Scully anasimulia kwamba huyu bwana siku moja yuko na mkewe wanafanya mazoezi ya kukamata ng'ombe kwa kamba, wakatokewa na joka kubwa lenye sumu, Bumgarner akachukua shoka akalikatakata. Mpira, umekosa. Mkewe akaenda kulichunguza lile joka, ndani kakuta vitoto viwili vya sungura. Mpira mwingine, umegongwa umetoka pembeni. Kimoja kikatikisika kumbe kizima! Wakakichukua kwenye nyumba yao wakakilea, kikapona wakakirudisha porini. Halafu Scully akawaambia wasikilizaji hebu fikiria huyo sungura alivyo mgumu, kaliwa na nyoka, nyoka kakatwa shoka, kaokotwa na watu, na bado anaishi. Mpira! Sasa niambie weye wa Muheza, bibi yako akisimulia huku anapepeta mchele si ndo hivyohivyo, hadithi inakwenda na ungo?

Ila sio kwamba alikuwa anaropoka, alikuwa anafika mapema, amesoma, karatasi zimejaa. Na alifanya kazi hiyo na mambo yake mazito moyoni, mke wake wa kwanza alifariki 1972, mwanawe wa kiume akafa kwenye ajali ya helikopta 1994. Alirudi kutangaza. Salamu ileile.

"Mjomba acha kutujazia mambo ya wazungu, andika mkonge, Tanga ni mkonge."

Nimekusikia bwana wa Korogwe. Ila huo mkonge nao uliingia Pangani mwaka 1893, kaleta Mjerumani, kautoa Florida, Marekani. Toleo lijalo.

"Shikamoo Mjomba, nina miaka 21 niko Makorora, huwa natangaza mechi za ndondo kwa spika, watu wananipenda ila kuna wazee wanasema napiga kelele. Besiboli siijui ila nimesikia unamsifia huyo mzee. Naweza kujifunza nini kwake, mie Kiingereza hakipandi."

Marahaba kijana. Wazee wako sahihi, nimekusikia jumapili moja nikiwa napita na baiskeli, nimekusikia mpaka nilipofika stendi.

Kiingereza kisikutishe. Pembeni ya kibanda cha Scully kulikuwa na cha Kihispania, mtangazaji wake Jaime Jarrín, mtu wa Ecuador, alifika Marekani 1955 mchezo wenyewe haujui, mwaka 1959 akaanza kuutangaza. Mwanzoni mechi za ugenini walikuwa hawasafirishwi, anakaa studio Los Angeles anamsikiliza Scully kwa Kiingereza sikioni, mdomoni anatoa Kihispania, na hapohapo anatafuta maneno ambayo lugha yake haina. Akakaa kwenye kiti hicho mpaka 2022, msimu uleule Scully aliofariki. Besiboli ya Kiswahili nayo ikitaka mtangazaji atapatikana, vijana wa Azania pale Dar wana uwanja tayari, Wajapani wamewasaidia kujenga, wanacheza, lakini nani atatuambia "straiki" kwa Kiswahili tunaielewaje? Labda weye.

Mawili matatu ya kwake unayoweza kuchukua bure. Kwanza hakusema "sisi". Timu ilikuwa inamlipa mshahara na bado hakusema sisi tumefunga, alisema Dodgers wamefunga, na mpinzani akicheza vizuri anamsifu mpaka unaona wivu. Weye jumapili ile ulisema "sisi tumeonewa na refa", nimekusikia kwa masikio yangu. Pili, yule mwalimu wake Red Barber alimkataza kusikiliza watangazaji wengine, akamwambia kitu pekee unachokuja nacho humu ndani ambacho mwingine hana ni weye mwenyewe, ukiwaiga kinapotea. Kwa hiyo ile sauti yako ya kuiga wa kwenye televisheni, iache. Sauti ya Makorora haina kasoro.

Halafu hili la saa, mie ndo nalipenda kuliko yote. Tarehe 9 Septemba 1965 mrushaji wa Dodgers Sandy Koufax alikuwa anakaribia kumaliza mechi kamilifu, yaani wapigaji 27 wanakuja na hakuna hata mmoja aliyefika hata beisi ya kwanza, kile kituo cha kwanza mpigaji anachokimbilia, kitu unaweza ukaishi ukafa hujakiona. Scully akajua rekodi ya sauti atapewa Koufax akae nayo uzeeni, basi raundi ya mwisho akaanza kutaja tarehe na saa, tena na tena, dakika hii, dakika hii. Akasema uwanjani kuna watu 29 elfu na vipepeo milioni moja, tumboni mwao. Mpigaji wa mwisho alipokosa, Scully akanyamaza makelele yakapita, halafu akasema kwenye ubao wa matokeo kule kulia sasa hivi ni saa 3 na dakika 46 usiku, mji wa Los Angeles, watu 29,139. Kwa hesabu yao wanasema tisa na 46, ila usiku ni uleule. Watu wameikariri ile saa kama tarehe ya ndoa. Jaribu jumapili, goli likiingia, badala ya kupiga yowe sema saa ngapi, kisha zima spika uone.

Kabla hatujaenda mtamboni nikampigia tena dada wa Ngamiani kumuuliza hali ya nyumbani. Anasema kaka katoka nje, amekubali kunywa chai barazani, na juzi usiku mama mwenyewe alimuita akamwambia hebu nisikilizishe huyo mzee wako. Kaka akamuwekea ile ya 1988, ya Gibson, bila madude ya masikioni, kwa sauti, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai. Mama haelewi neno, anasikiliza tu kainamisha kichwa. Mzee akasema lake, akanyamaza, yakaja makelele ya watu, yakaendelea, yakaendelea.

Mama akamuangalia kaka akauliza, "Mbona kanyamaza, bando limekwisha?"